Uvimbe Kitovuni Baada ya Kutolewa Mfuko wa Nyongo

Neno ngiri likitajwa, wengi humfikiria mwanamume. Ndiyo maana mama aliyetolewa mfuko wa nyongo kwa matundu madogo, akaona uvimbe kitovuni miezi kadhaa baadaye, huchua kwa dawa na kunyamaza. Wanawake ndio hupata zaidi mawe ya nyongo, basi nao waijue ngiri ya kovu, yaani ile inayotokea palipopasuliwa.

Upasuaji huu wa matundu madogo, uliofanywa mara ya kwanza Ujerumani mwaka 1985, kwa kawaida hutumia matundu manne. Madogo yana milimita 5 hivi, makubwa 10 au 12. Ngozi hupona upesi, lakini chini yake upo utando mgumu unaoyazuia matumbo yasichomoze. Usipounga vizuri, hubaki mwanya, na mafuta ya tumboni au utumbo hupenya. Kitovuni ndiko hutokea zaidi: tundu ni kubwa, na mara nyingi mfuko hutolewa hapo. Mawe yakiwa makubwa, daktari hulazimika kulipanua.

Unene, kisukari, sigara, kidonda kutunga usaha, kikohozi kisichoisha na kujikamua chooni huongeza hatari. Kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, muulize daktari kama utando wa kitovuni umeshonwa, na ni lini unaweza kubeba ndoo ya maji. Hili la ndoo tunawaambia hasa walio nyumbani na mgonjwa. Makovu yake ni madogo, kwa hiyo huonekana amepona wiki ileile. Mtekeeni maji.

Ngiri hujitokeza ukisimama au ukikohoa, na hurudi ndani ukilala. Nenda kliniki ya upasuaji ukapimwe. Dawa ya kunywa haizibi mwanya, wala mkanda wa tumbo. Tiba yake ni kushonwa, na pengine kuwekewa wavu.

Hatari kubwa ni utumbo kunaswa, na huweza kutokea hata siku chache baada ya upasuaji. Uvimbe huwa mgumu, huuma, haurudi. Mgonjwa hutapika na tumbo hujaa. Katika tundu dogo, wakati mwingine hunaswa upande mmoja tu wa utumbo: uvimbe hauonekani na choo kinaendelea kupatikana. Kwa hiyo maumivu makali na kutapika vinatosha kukuondoa nyumbani. Usiusukume uvimbe, usile wala usinywe. Nenda saa hiyohiyo hospitali yenye chumba cha upasuaji, na umweleze daktari kwamba ulitolewa mfuko wa nyongo.