Takwimu za Utafutaji: Jinsi Wastani Unavyoweza Kumpotosha Mwenye Tovuti

Mwalimu anapoandika somo zuri la biolojia na kuliweka katika tovuti ya shule yake, amefanya nusu tu ya kazi. Mwanafunzi aliye mbali, ambaye pengine shule yake haina mwalimu wa somo hilo, hawezi kusoma asichokipata. Yeye huandika maneno machache katika mtambo wa kutafutia, akaangalia viungo vichache vya mwanzo, kisha akaenda zake. Iwapo maneno yake hayakutani na maneno ya mwalimu, somo lile kwake ni sawa na ambalo halikuandikwa. Katika makala haya tutaeleza jinsi mwalimu anavyoweza kuligundua pengo hilo kwa hesabu nyepesi, na jinsi hesabu hizo hizo zinavyoweza kumpotosha akizisoma kwa haraka.

Kwanza yafaa tuelewe kwamba mtambo wa kutafutia hauizunguki intaneti nzima kila mtu anapouliza swali. Mtambo kama Google, ulioanzishwa na Larry Page na Sergey Brin mwaka 1998, huzitembelea kurasa mapema na kuziingiza katika faharasa, mfano wa ile iliyo mwishoni mwa kitabu, ila hiyo ni kubwa mno. Swali linapoletwa, mtambo hupekua faharasa hiyo na kuzipanga kurasa kwa kufuata ishara nyingi: maneno yaliyomo, viungo vinavyotoka katika kurasa nyingine, lugha ya muulizaji, na mengineyo. Mwenye tovuti hana uwezo wa kuamuru ukurasa wake uwekwe juu. Awezalo ni kuyachunguza matokeo na kuurekebisha ukurasa.

Chombo cha kuchunguzia kipo, nacho hakilipiwi. Tangu mwaka 2015 chaitwa Google Search Console. Mwenye tovuti akishathibitisha kwamba tovuti ni yake, huonyeshwa taarifa za miezi 16 iliyopita, naye huona vipimo vinne: idadi ya mara ukurasa ulipoonekana katika orodha ya matokeo, idadi ya mara ulipobofywa, asilimia ya kubofywa, yaani idadi ya pili ikigawanywa kwa ya kwanza, na wastani wa nafasi yake katika orodha, ambapo nafasi ya 1 ndiyo ya juu kabisa. La thamani zaidi ni kwamba vipimo hivyo vyaweza kugawanywa kwa kila swali lililoandikwa na watafutaji.

Tuchukue mfano wa kubuni. Ukurasa wa mwalimu wetu wahusu usanisinuru. Katika mwezi mmoja umeonekana mara 2,000 na kubofywa mara 58, yaani asilimia 2.9, na wastani wa nafasi ni 11. Takwimu hizi peke yake hazimwambii la kufanya. Akizigawanya kwa maswali, hali hubadilika. Kwa neno «usanisinuru», ukurasa umeonekana mara 200 katika nafasi ya 2, ukabofywa mara 40. Kwa swali «jinsi mimea inavyojitengenezea chakula», umeonekana mara 1,800 katika nafasi ya 12, ukabofywa mara 18 tu.

Hapo ndipo penye habari. Wanaolijua neno la kitaalamu wanalipata somo. Wasiolijua, ambao ndio wanaolihitaji zaidi, huuliza kwa maneno ya kawaida, na mtambo huwapelekea ukurasa huu ukiwa chini mno, mahali ambapo wachache hufika. Basi mwalimu aongeze maneno hayo katika kichwa cha ukurasa na katika aya ya kwanza, akieleza kwamba usanisinuru ndiyo njia ambayo mimea hujitengenezea chakula kwa nguvu ya jua; na kurasa zake nyingine za mimea ziwe na kiungo cha kuelekea hapo. Kurudiarudia maneno kumi au ishirini bila maana hakufai: ni kumchosha msomaji, na Google yenyewe imekataza hila hiyo.

Mwezi unaofuata mwalimu afungua taarifa kwa hamu, naye ashtuka. Asilimia ya kubofywa imeshuka kutoka 2.9 hadi 2.5, na wastani wa nafasi umeporomoka kutoka 11 hadi 15. Je, ameharibu? Tugawanye tena. «Usanisinuru» ni vilevile: mara 200, nafasi ya 2, mibofyo 40. Swali la pili limeonekana mara 1,800 kama awali, lakini sasa katika nafasi ya 8, na mibofyo imekuwa 72. Kilichoongezeka ni swali jipya, «chakula cha mimea»: mara 3,000, nafasi ya 20, mibofyo 15. Bila shaka wengi wa waulizaji hao walitaka mbolea! Jumla ya mibofyo imetoka 58 hadi 127, na hakuna swali hata moja lililoshuka. Wastani umeharibika kwa sababu kundi jipya, kubwa na lililo chini, limeingizwa katika hesabu. Mwalimu wa hisabati atatambua hapa wastani wenye mizani: kila nafasi huzidishwa kwa idadi ya mara za kuonekana kabla ya kujumlishwa na kugawanywa.

Kuna tahadhari nyingine. Majira hubadili takwimu kuliko kazi ya mwandishi. Kwetu Tanzania, wiki zinazotangulia mtihani wa kidato cha nne mwezi Novemba hazilingani kamwe na likizo ya Desemba. Heri kulinganisha kipindi na kipindi kama hicho cha mwaka uliotangulia, na kubadili jambo moja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua lipi lilileta matokeo. Aidha, maswali yaliyoulizwa na watu wachache sana hufichwa ili kulinda siri zao, kwa hiyo jumla ya maswali yanayoonekana yaweza kupungua kuliko jumla kuu. Na tangu Google ilipoanza mwaka 2024, nchini Marekani, kuweka muhtasari ulioandikwa na akili unde juu ya viungo, msomaji aweza kupata jibu bila kubofya lolote. Kupungua kwa mibofyo, basi, si lazima kuwe dosari ya ukurasa.

Zoezi kwa darasa: Ukurasa kuhusu moyo umeonekana mara 400 katika nafasi ya 3 kwa swali moja, ukabofywa mara 60, na mara 600 katika nafasi ya 13 kwa swali jingine, ukabofywa mara 6. Tafuta wastani wa nafasi na asilimia ya kubofywa. Kisha chukulia kwamba mara za kuonekana kwa swali la pili zimekuwa 1,200, na mibofyo yake 12, huku nafasi zote zikibaki vilevile. Wastani mpya ni ngapi, na je, ukurasa umekuwa mbaya zaidi?