Jinsi ya Kutambua Giaboksi ya Boti ya Dizeli

Injini ya dizeli ya boti ya uvuvi inaweza kuzunguka mara 1,800 au zaidi kwa dakika. Rafadha, ambayo wengi huiita pangaboi, haifai kwenda kasi hiyo. Ikizidisha kasi huchapa maji na kutoa povu badala ya kusukuma boti, na mapanga yake huliwa. Kwa hivyo, kati ya injini na rafadha huwekwa giaboksi ya kupunguza mizunguko. Meli nyingi kubwa za makasha zinazotia nanga Mombasa haziihitaji, kwa kuwa injini zao huzunguka taratibu, takriban mara 100 kwa dakika.

Giaboksi hazifanani. Mwenye boti anayetafuta iliyotumika anashauriwa kukagua mambo manne kabla ya kulipa.

1. Mkao wa shafti. Shafti ya kutokea ikiwa chini ya ile ya kuingilia, kwa kawaida gia ndogo ndiyo inayozungusha gia kubwa. Shafti zikiwa kwenye mstari mmoja, huenda ndani mna gia ndogo kadhaa zinazozunguka gia ya katikati. Shafti ya kutokea ikirudi upande wa injini, hiyo ni ya umbo la V, inayotumiwa injini inapowekwa karibu na tezi.

2. Uwiano. Huandikwa kwenye kibao cha mtengenezaji. Uwiano wa 3:1 una maana kuwa injini ikizunguka mara 1,800, rafadha huzunguka mara 600. Kibao kikipotea, fundi huhesabu meno: gia kubwa yenye meno 60 ikizungushwa na ndogo yenye meno 20, uwiano ni 3:1.

3. Mwelekeo. Baadhi ya giaboksi hugeuza mzunguko wa injini. Usipolingana na rafadha, nahodha ataweka gia ya mbele na boti irudi nyuma.

4. Msukumo. Rafadha inaposukuma maji, shafti nayo husukuma giaboksi. Giaboksi nyingi za boti zina beringi ya kuhimili nguvu hiyo. Ya lori haikuundwa kwa kazi hiyo, na inaweza kuharibika boti ikiwa mbali na ufuo, ikiwa na abiria au wavuvi.

Ni vyema kunakili maelezo ya kibao cha giaboksi ya zamani na kumpa fundi kabla ya kwenda dukani.