Pombe na Bangi Katika Mwili Mmoja

Wako vijana hapa Kizota wanenao ya kwamba bangi hutuliza pombe. Sivyo. Kileo hulegeza viungo. Bangi hukimbiza moyo na kumpotezea mtu kipimo cha wakati na umbali. Tena kileo huzidisha nguvu ya bangi iingiayo katika damu. Kwa hiyo kidogo cha hiki na kidogo cha kile huwa kingi. Mlevi wa Mithali 23:29–35 alikuwa na divai tu, na tazameni hali yake!

Mwendesha pikipiki aliyekunywa pombe ya mtama kisha akavuta, hujiona hodari. Lakini katika barabara ya Singida lori li karibu kuliko adhaniavyo, na mkono wake hukawia kushika breki. Kahawa haimponyi, ni saa nyingi tu.

Nanyi waalimu, mkimkuta aliyelewa hivyo amelala, mlazeni ubavu asisongwe na matapishi, wala asiachwe peke yake. Asipoamka, au pumzi zikipungua, apelekwe hospitali upesi, na waganga waambiwe vyote viwili. Msiifiche bangi kwa kuogopa aibu. Naye asikiaye sauti zisizokuwapo apelekwe Mirembe, asifungwe kamba nyumbani.