Bangi na ugonjwa wa sukari

Ndugu viongozi na familia zilizokimbia vita, tunasikia vijana kambini wakisema bangi inakinga ugonjwa wa sukari. Neno hilo lina mzizi, ingawa mfupi. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walikuta wavutaji wana insulini pungufu kwa 16%, dalili kwamba mwili unaitumia vizuri. Lakini utafiti mwingine wa huko, mwaka 2015, ulikuta kwa waliovuta sana sukari imeanza kupanda mara nyingi zaidi. Kinga haijathibitishwa.

Tunachokijua vizuri ni kwamba bangi huamsha njaa. Mvutaji akimaliza unga wa nyumba nzima, ugomvi unaanzia hapo. Na mgonjwa wa sukari anayevuta asiache dawa zake. Viongozi, msimfukuze, mpelekeni kituo cha afya apimwe.