SOMO LETU: Nani Ana Ruhusa Kuingia? Kulinda Waifai ya Kikundi



Hapa Turkana kila mtu anajua kazi ya ua wa miiba. Mbuzi hulala ndani, na mwenye boma ndiye anayeamua amfungulie nani. Leo tuongee juu ya boma la aina nyingine, yaani waifai ya nyumbani au ya kikundi.

Tuchukue mfano. Akina mama 12 wasukaji wa vikapu wa Lodwar wamechanga pesa, wakanunua ruta na bando la mwezi. Ruta ni kile kisanduku kinachorusha intaneti hewani ili simu ziipate bila waya. Wiki ya kwanza mambo ni shwari. Wiki ya pili bando limekwisha, picha za vikapu haziendi kwa mnunuzi, na watu wameanza kunong'ona: "Ni watoto wa mweka hazina hao!" Kumbe mtoto mmoja alimpa rafiki neno la siri, naye rafiki akalipeleka mpaka stendi ya bodaboda. Mawimbi ya waifai hupenya ukuta. Aliye nje na neno la siri ni sawa na aliye ndani.

Basi kabla ya kulaumiana, tufanye hivi:

1. Ingieni kwenye ruta. Simu ikiwa imeunganishwa, andikeni namba iliyobandikwa chini ya ruta. Mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Hapo mtaulizwa neno la siri la msimamizi. Hili si lile la waifai. Libadilisheni siku hiyo hiyo, maana mgeni akilijua anaweza kuwafungia nje ninyi wenyewe.

2. Hesabuni vifaa. Ruta ina orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Katibu ailinganishe na daftari. Mkikuta vifaa 31 na wanachama wana simu 14 tu, basi 17 ni vya watu wengine.

3. Wekeni neno la siri jipya la waifai. Chagueni ulinzi wa WPA2 au WPA3. Ule wa zamani, WEP, ulijulikana kuwa dhaifu tangu 2001. Unganisheni maneno manne yasiyohusiana. Msitumie jina la kikundi. Zimeni pia WPS, njia ya kuunganisha kwa namba fupi, kwani tangu 2011 inajulikana kwamba namba hiyo inaweza kubahatishwa.

4. Andikeni vifaa vyenu. Kila simu hujitambulisha kwa ruta kwa namba ya MAC, yenye alama 12 za tarakimu na herufi. Ruta nyingi zinaweza kuambiwa: "Wapokee hawa tu."

Lakini msidanganyike! Namba ya MAC ni kama alama ya mbuzi. Mwizi hodari anaweza kumwekea mbuzi wake alama ileile. Namba hii hupita hewani bila kufichwa, na mwenye ujuzi anaweza kuiiga. Kwa hiyo orodha inasaidia neno la siri, haichukui nafasi yake.

Tena, simu za Android kuanzia toleo la 10 (2019) na iPhone kuanzia iOS 14 (2020) huweza kutumia namba ya kubuni kwa kila mtandao. Andikeni ile inayoonekana kwenye mipangilio ya waifai yenu, wala si ile ya kwenye boksi la simu. Mama akifungiwa nje ghafla, angalieni kwanza kama namba yake imebadilika. Msimwite mwizi.

5. Watengeeni wageni mlango wao. Ruta nyingi zina mtandao wa wageni wenye neno la siri lake. Mgeni akiondoka, mnabadilisha hilo tu, na simu za wanachama haziguswi.

Sasa tuseme ukweli kidogo. Orodha ni chombo cha haki, lakini inaweza pia kuwa fimbo. Kule Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ipo tangu 1992, wenyeji na wakimbizi hununua na kuuza katika soko moja. Kama jirani mkimbizi anachanga sawa na wengine, kumfuta kwenye orodha kwa sababu ya kabila lake ni kumla pesa yake. Na kama mwenyekiti peke yake ndiye anayejua neno la msimamizi, siku mkikosana mtafanya nini? Wajue wawili, na kila nyongeza au ufutaji uandikwe kwenye daftari.

Mkumbuke pia mambo ya sheria. Kuingia mtandao wa watu bila ruhusa ni kosa chini ya sheria ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018. Nanyi mkitaka kuuza intaneti kwa umma, ulizeni kwanza habari ya leseni kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

MASWALI YA KUJADILIANA

a) Katika kikundi chetu, ni nani anajua neno la siri? Tulikubaliana lini?
b) Mwanachama asiyelipa mchango afungiwe baada ya siku ngapi? Nani atamwambia?
c) Mwanafunzi wa jirani anataka kusoma kwa waifai yetu. Tumpe mlango gani?

Jibuni pamoja, mwandike, kisha ndipo mguse ruta. Ua hujengwa baada ya wenye boma kukubaliana.