Si Zamu Yako, au Haikufai?

Kijitabu cha chanjo kwa wakazi wa Ganda, Kilifi, wenye kisukari, presha, pumu, seli mundu na maradhi mengine ya kudumu

Ukifika zahanati ukaambiwa "wewe hapana", usirudi na bodaboda ile ile iliyokuleta. Uliza kwanza: ni hapana ya zamu, au hapana ya dawa? Mbili hizo zilichanganywa sana mwaka 2021. Wapo wagonjwa wa sukari walioondoka wakiamini kwamba sindano ya korona ingewaua, kumbe walirudishwa kwa sababu dozi hazikutosha.

Yaliyotokea 2021

Shehena ya kwanza, dozi milioni 1.02 za AstraZeneca, ilitua Nairobi mapema mwezi Machi. Wizara ya Afya ilikuwa imegawa watu mafungu. La kwanza lilikuwa la wahudumu wa afya, walimu na askari. La pili, lililopangiwa katikati ya mwaka, lilikuwa la waliopita miaka 50, pamoja na kila mtu mzima mwenye maradhi ya kudumu. Kwenye karatasi, basi, mama wa miaka 35 mwenye kisukari na mzee wa 60 asiyeumwa popote walikuwa safu moja. Machi haijaisha, mlango ukafunguliwa kwa wenye miaka 58 na kuendelea. Mzee akapita, mama akasubiri.

Umri unasomeka kwenye kitambulisho, sukari haisomeki. Muuguzi mwenye foleni hadi nje ya geti atajuaje? Huyu alikubali neno la mtu, yule akadai karatasi ya daktari, na wa tatu akasema wenye maradhi bado hawajaitwa. Tusimlaumu muuguzi peke yake: aliyeandika "maradhi ya kudumu" bila kusema yathibitishwe vipi ndiye aliyempa mzigo huo.

Wenzetu wenye kompyuta za kila namna nao walikwama. Uingereza iliwatanguliza wenye pumu kali tu, waliowahi kulazwa au kutumia vidonge vya steroidi mara kwa mara. Mwenye pumu ya kawaida akaambiwa angoje umri wake. Marekani, hadi mwishoni mwa Machi 2021, orodha ya taifa iliweka kisukari cha aina ya pili juu ya kile cha aina ya kwanza, na majimbo mengi yakafuata hivyo hivyo. Lakini Tanzania, iliyoanza Julai mwaka huo, iliwaweka wenye maradhi ya kudumu mbele tangu mwanzo, pamoja na wahudumu wa afya na waliopita miaka 50.

Na leo?

Foleni ya korona imekwisha, kasoro ingalipo. Ratiba ya chanjo za watoto huhesabu umri: wiki ya 6, ya 10, ya 14, mwezi wa 9, mwezi wa 18. Haiulizi ugonjwa. Chukua seli mundu, ambayo sisi wa Kilifi tunaijua kuliko tungependa. Bandama ya mtoto mwenye seli mundu hudhoofika mapema, na bakteria wa nimonia wakipata njia ya kuingia kwenye damu hummaliza haraka. Chanjo ya kuwazuia bakteria hao iliingia ratiba ya Kenya mwaka 2011. Kilifi ilipewa zaidi: watoto wote wa chini ya miaka 5 walichanjwa, si wachanga pekee, na watafiti wa KEMRI wakafuatilia. Maradhi makali ya aina zilizomo kwenye chanjo yalipungua kwa asilimia 92 kwa watoto wa umri huo. Lakini aliyekuwa na miaka 7 mwaka ule sasa ni kijana, na ratiba ya watoto haimtazami. Kijana huyo aulize kwenye kliniki yake ya seli mundu kama anahitaji dozi, na kama atailipia.

Hapana ya kweli

Kisukari, presha, pumu na seli mundu kwa kawaida havimzuii mtu kuchanjwa. Mara nyingi ndivyo vinavyomfanya aihitaji chanjo zaidi. Walio na sababu ya kuzuiwa ni wachache: aliyewahi kuvimba koo au kuzimia kwa mzio wa chanjo ile ile, na, kwa chanjo zenye vijidudu hai kama surua na homa ya manjano, mjamzito au mtu ambaye kinga yake imeshuka sana. Sema hali yako kabla ya sindano, hata kama hujaulizwa.

Cha kubeba

Kitabu cha kliniki. Ukipige picha kwenye simu, kwa maana mvua na panya hawana huruma. Kama hujawahi kupimwa, mwite mhudumu wa afya ya jamii wa kijijini kwako: tangu 2023 wengi wamepewa mikoba yenye kipimo cha sukari na cha presha. Kisha uliza hivi:

"Sista, mimi ni mgonjwa wa sukari, kitabu changu hiki hapa. Chanjo hii yanifaa? Kama si zamu yangu, zamu yangu ni lini, na imeandikwa wapi?"

Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kuona taarifa iliyo mikononi mwa serikali, na orodha ya wanaostahili ni taarifa.

Iko pia hapana ya tatu, ya siku. Kichupa cha surua na rubela mara nyingi huwa cha dozi 10, na kikishachanganywa hutupwa baada ya saa 6. Muuguzi akiona mtoto mmoja tu, huenda akaogopa kukifungua. Muulize ni siku gani watoto huja wengi, uandike kwenye kadi kabla hujatoka.