Kupotea Njia Ndiyo Kujua Njia: Somo la Uongozi Kutoka kwa Tiketi za Basi

SOMO LA VIKUNDI



Lengo la somo: Tukimaliza, kila kamati iweze kujua ni lini iendelee na mpango wake, na ni lini igeuze njia kabla pesa za wanachama hazijaisha.

Shida tunayoijua sote

Nani hapa hajawahi kuhangaika na safari ya Nairobi? Ikifika Desemba nauli inapanda. Ukipata msiba, unafika steji na mkoba wako, unaambiwa ati gari imejaa, ngoja kesho. Mazishi hayangoji kesho.

Kuna vijana walioitazama shida ya usafiri na kuifanya kazi. Mwaka wa 2016 walikuwa wanafunzi wanne wa chuo cha Earlham, mji wa Richmond, jimbo la Indiana, Marekani. Majina yao ni Wyclife Omondi wa Kenya, Sonia Kabra wa India, Leslie Ossete wa Kongo-Brazzaville, na Iman Cooper wa Marekani. Chuo hicho kilianzishwa na Marafiki mwaka wa 1847, na Marafiki wa Marekani ndio pia waliofungua misheni ya Kaimosi mwaka wa 1902. Kwa hivyo sisi wa magharibi hatuko mbali sana na habari hii.

Wazo lao lilikuwa kwamba msafiri wa mjini Nairobi, hata mwenye simu ndogo isiyo na intaneti, aweze kutuma ujumbe mfupi, ajue gari litafika lini, na alipe nauli mapema. Walilijaribu Nairobi, na pia wakalipeleka kwenye shindano la wanafunzi wa dunia nzima liitwalo Hult Prize. Septemba 2016 walishinda dola milioni moja, na aliyewakabidhi tuzo ni Bill Clinton, aliyekuwa rais wa Marekani.

Wengi wetu tungeishia hapo tukisema, hao wamefaulu. Lakini ngojeni, tuzo siyo kazi. Somo letu linaanza baada ya makofi.

Kwa nini mpango mzuri hugonga mwamba

Matatu ya mjini inaendeshwa kwa pesa taslimu. Dereva na makanga wanatakiwa kumpelekea mwenye gari kiasi fulani kila jioni. Kinachobaki baada ya mafuta na gharama za barabarani ndicho chakula cha watoto wao. Sasa mtu akija kusema nauli yote ipitie kwenye simu au kadi, yeye anaona usafi wa hesabu. Makanga naye anaona mkate wake unaondoka.

Wakubwa zaidi walikuwa wameshajaribu. Mwaka wa 2013 kampuni ya Google pamoja na benki ya Equity walileta kadi ya nauli iliyoitwa BebaPay. Kufikia 2015 ilikuwa imefungwa. Serikali nayo iliamuru matatu ziache kupokea pesa mkononi kuanzia Julai 2014. Lakini wapi! Abiria waliendelea kulipa taslimu. Kumbe nguvu ya pesa na nguvu ya amri hazitoshi ikiwa yule anayeshika kazi kila siku hakuhesabiwa katika mpango.

Kugeuza njia bila kuacha safari

Wyclife Omondi na Sonia Kabra waliendelea na kazi hiyo kwa jina la BuuPass. Lakini waliihamisha kutoka gari za mjini hadi mabasi ya masafa marefu, kama yale yanayotoka Nairobi kwenda Mombasa, Kisumu au huku kwetu.

Tazama tofauti. Basi la masafa marefu lina viti vyenye namba. Tiketi hukatwa kabla ya safari. Lina kampuni yenye ofisi, na kampuni hiyo yenyewe inataka kujua ni viti vingapi vimeuzwa na pesa ziko wapi. Kwa hivyo kukata tiketi kwa simu na kulipa kwa M-Pesa hakumnyang'anyi mwenye basi kitu, bali kunamsaidia. BuuPass wakawapa wenye mabasi programu ya kusimamia viti na tiketi, na msafiri naye akaweza kulinganisha nauli za kampuni mbalimbali akiwa nyumbani. Mwaka wa 2023 BuuPass ilinunua kampuni nyingine ya tiketi iitwayo QuickBus.

Nia haikubadilika: msafiri asihangaike. Kilichobadilika ni njia. Hebu someni Matendo ya Mitume sura ya 16. Paulo na wenzake walipanga kwenda sehemu moja, wakazuiwa. Wakajaribu nyingine, wakazuiwa tena. Hawakurudi nyumbani, wala hawakung'ang'ania mlango uliofungwa. Walifika Troa, na kutoka huko wakavuka kwenda Makedonia. Injili ilikuwa ile ile.

Sasa turudi kwetu

Tuseme kikundi kina wanachama 20, kila mmoja anatoa shilingi 500 kwa mwezi. Hiyo ni shilingi 10,000 kwa mwezi. Kamati inaamua kwamba mabroka wa soko la Chwele wanatunyonya, basi tutapeleka vitunguu wenyewe Nairobi. Safari ya kwanza, hasara shilingi 15,000. Mwenyekiti anasema tuvumilie. Ya pili, 15,000 tena. Anasema adui anatujaribu. Ya tatu, vile vile. Zimekwenda 45,000, yaani michango ya watu wote kwa miezi minne na nusu. Januari inafika, mama mmoja anaomba mkopo wa karo, na sanduku halina kitu. Mwenyekiti si mwizi. Aliona haya tu kusema, "Ndugu zangu, njia hii imekataa."

Je, kamati hiyo ingefanya nini? Kwanza ingeuliza: huyu broka anafanya kazi gani ambayo sisi hatuioni? Ana gari. Anajua mnunuzi wa Nairobi. Wakati mwingine anamkopesha mkulima kabla ya mavuno. Kumruka kwa siku moja si rahisi. Lakini kikundi kingeweza kukausha vitunguu vizuri, kuchagua vikubwa na vidogo, kupima kwa mizani yake, na kuuza kwa pamoja. Broka anapata mzigo kamili mahali pamoja, na mkulima anapata sauti ya kusema bei. Nia ni ile ile: bei nzuri.

Mambo matatu ya kushika

1. Kabla ya kuanza, ulizeni nani anakula kwa jinsi mambo yalivyo sasa. Msipomfikiria, atawazuia.

2. Andikeni kikomo katika kitabu cha mikutano kabla shilingi ya kwanza haijatoka. Kwa mfano: "Tukipoteza 20,000, tunasimama na kuita mkutano wa wanachama wote." Kikomo kilichoandikwa kinamwondolea mwenyekiti aibu.

3. Tenganisheni nia na njia. Nia haiguswi ovyo. Njia ibadilishwe bila kulaumiana.

Maswali ya kujadiliana

1. Nia ya kikundi chetu ni nini? Kila mmoja aiseme kwa maneno yake, mwandishi aandike.

2. Ni mpango gani tunaoushikilia kwa sababu ya kuona haya tu?

3. Kiongozi akisema "nimekosea njia", sisi wanachama tunampokea vipi? Tunamcheka, au tunakaa naye tupange upya?

Kazi ya mwezi huu: mweka hazina asome hesabu za mradi mmoja mbele ya wote, kisha kikundi kiandike kikomo chake.

Bwana awape hekima ya kujua njia, na unyenyekevu wa kuigeuza.